Gogo Halifiki New York

"Kushuka na mto? Hata gogo hufika." Kauli hiyo ilitolewa siku ya Idi, hapa Poughkeepsie katika jimbo la New York, tukiwa tumezunguka sinia la pilau. Tulikuwa tukimzungumzia mwanamke mmoja aliyemaliza safari ya Mto Hudson peke yake kwa kayaki, kutoka Troy hadi ncha ya kusini ya Manhattan. Msemaji ni mtu mzima, mwenye elimu yake. Akatufafanulia kwamba kazi ni kupanda mto. Kushuka ni mapumziko. Unakaa, maji yanakubeba, ukichoka unalaza kafi na bado utafika. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikasirika, na mpaka leo sijapoa, maana huo ni uongo, tena uongo unaozamisha watu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mzee huyo amezaliwa pwani kama mimi. Mtoto wa Pangani, Tanzania, anayeishi kwenye mlango wa mto anajua kabla ya kujua kusoma kwamba mto una saa zake. Kuna saa unatoka, kuna saa unarudi. Mjomba wangu, mvuvi, hakutia mtumbwi majini bila kujua kama ni bamvua au maji mafu. Mtu aliyekulia hapo, akivuka bahari na kupata shahada, anawezaje kusahau jambo hilo?

Tulitazame hilo gogo. Mto Hudson unaanzia kwenye milima ya Adirondack, katika ziwa dogo liitwalo Lake Tear of the Clouds, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Huko juu mto unashuka kwelikweli. Lakini ukifika kwenye bwawa la Troy, mteremko umekwisha. Zinabaki kilomita 246 hadi Manhattan, na katika mwendo wote huo uso wa maji unashuka chini ya mita mbili. Huo si mto tuliochorewa shuleni, wenye mshale mmoja unaoelekea baharini. Bahari yenyewe imeingia bara, inajaa na kupwa mara mbili kwa siku mpaka kwenye ukuta wa bwawa. Pale Troy, mbali kiasi hicho na chumvi, maji hupanda na kushuka karibu mita moja na nusu.

Basi tupa gogo lako hapo mwezi wa Julai. Maji yakipwa, litakwenda kusini kilomita kadhaa. Baada ya muda wa saa sita hivi maji yatajaa, na gogo litarudi kaskazini karibu njia yote liliyokwenda. Usiku litashuka tena, alfajiri litapanda tena. Faida yake kwa siku ni ndogo mno. Kiangazi kikiwa na mvua haba, linaweza kurandaranda humo kwa miezi kabla ya kuiona bahari. Gogo halifiki. Anayefika ni mtu mwenye kafi mkononi na hesabu kichwani.

Tena uongo huu unazidi majira ya joto, ambayo ndiyo majira ya safari hizi. Mwezi wa Aprili theluji inapoyeyuka, angalau mto una nguvu za kuisukuma bahari. Ikifika Julai na Agosti maji matamu yanayotoka juu yamepungua sana, na yale ya bahari yanayoingia na kutoka huyazidi mara kumi na zaidi. Juu ya hapo kuna upepo wa kusini, ambao hapa huvuma mchana wakati wa joto, na msafiri wa Troy anaelekea kusini. Maji yakipwa huku upepo huo ukiyapinga, yanasimama mawimbi mafupi, makali, yanayofuatana bila nafasi. Maji yakijaa na upepo ukiwa upande mmoja nayo, mwenye kayaki atapiga kafi mpaka mabega yawake moto, na ule mti ulioko ufukweni utabaki palepale ubavuni mwake.

Tena wanaosema kushuka ni rahisi wamegeuza mambo chini juu. Wimbi la maji kujaa huchukua muda wa saa tisa au kumi kusafiri kutoka Manhattan hadi Troy. Anayepanda mto anaweza kufuatana nalo, likamsukuma kwa muda mrefu kuliko kama angesimama mahali pamoja. Anayeshuka anakutana nalo uso kwa uso. Kupwa kwa saa sita kwake kunakuwa kwa saa tano au pungufu, kisha mlango unafungwa. Nani basi anayebebwa?

Ndiyo maana msafiri huyo haishi kwa saa ya ukutani. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, naye anachelewa nayo. Leo ataamka saa kumi usiku ili awahi kupwa. Baada ya siku chache saa hiyohiyo itakuwa saa ya kujaa, na itambidi asubiri jua liwe kali. Kutua nako kuna kazi, kwa sababu reli imepita kando ya mto pande zote mbili, na kwa kilomita nyingi ukingo ni mawe makali yaliyomwagwa kulilinda tuta. Maji yakiwa yamepwa, palipokuwa na ghuba tulivu asubuhi panakuwa tope la kuzamisha magoti. Yote hayo anayakabili peke yake, bila wa kumshikia chombo wala wa kumwambia alale kidogo.

Na bado sijataja sehemu ngumu. Karibu na West Point mto unabanwa na milima, unapinda kwa ghafla, na kina kinafika mita 60 hivi. Mabaharia wa zamani walipaita World's End. Pepo za bondeni zinagongana pale, mkondo unazunguka, na matagi yanayosukuma matishari ya mafuta yanapita katika njia hiyohiyo. Ukishuka zaidi unaingia Haverstraw, ambapo mto unapanuka zaidi ya kilomita tano, na upepo ukiamka katikati hakuna pa kujificha. Mwisho ni Manhattan: vivuko vinavyokwenda kasi, meli za watalii, na kuta za mawe ambazo hazimezi wimbi bali hulirudisha. Hapo mkondo wa kupwa unamvuta mtu kuelekea bandari kubwa. Asipojua ataegesha wapi na saa ngapi, atapitilizwa.

Nimeambiwa natia chumvi. Mmoja aliniuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama nakanusha kwamba Mwenyezi Mungu ameumba mito yote ielekee baharini. Sikanushi. Lakini Mungu huyohuyo ameumba mwezi, na mwezi unayavuta maji kuja na kurudi. Mtu asiyetaka kufungua jedwali la maji asimsingizie Mungu uvivu wake.

Kijana mmoja wa jamaa zetu hapa aliyaamini maneno hayohayo ya barazani. Alinunua kayaki ya bei rahisi, akaingia majini mchana kutoka Poughkeepsie akitaka kushuka hadi Beacon, na hakumuuliza mtu habari za maji. Saa kadhaa baadaye alinipigia simu, sauti ikimtetemeka. "Shikamoo mjomba. Daraja bado naliona nyuma yangu, na linazidi kukaribia." Maji yalikuwa yanajaa. Alikuwa amepiga kafi mpaka viganja vikachubuka, na mto ulikuwa unamrudisha alikotoka. Jua lilikuwa linazama na hakuwa amevaa jaketi la kuokolea maisha. Wavuvi wenye boti ya injini ndio waliomtoa. Nilipomuuliza alitarajia nini, alinijibu kwamba aliambiwa mto utamshusha. Jibu hilo ndilo linalonikosesha subira na mizaha ya "hata gogo".

Dhana kwamba mto daima huishinda bahari imeleta hasara kubwa kuliko kayaki moja iliyokwama. Kiangazi kikiwa kikavu, chumvi hupanda Hudson mpaka maeneo ya Poughkeepsie, na mji huu unakunywa maji ya mto huo. Watu zaidi ya 100,000 wa bonde hili wanakunywa kutoka humo. Kule kwetu Pangani, maji yamezuiwa na kutumiwa huko juu, kuanzia bwawa la Nyumba ya Mungu hadi mashamba ya kumwagilia na mitambo ya umeme. Mto umefika mdomoni ukiwa dhaifu, na chumvi imepanda hadi kwenye mashamba ya watu. Kila aliyepanga matumizi ya maji yale akiamini kwamba mto utajitetea wenyewe mbele ya bahari alikuwa na fikra zilezile za mzee wetu wa pilau. Wakulima ndio waliozilipia.

Na kuna dhuluma nyingine. Mtu akipanda Kilimanjaro huku wapagazi wamembebea hema, chakula, maji na hata kiti, akishuka tunampiga picha na kumpongeza. Sina ugomvi na wapanda mlima. Lakini mwanamke aliyebeba mzigo wake wote ndani ya chombo chembamba, akasoma maji usiku na mchana, akapita World's End na Haverstraw na msongamano wa Manhattan bila msaidizi, sisi tunamcheka mbele ya watoto wetu. Mabinti waliokuwa wakipakua chakula walisikia kila neno. Wamejifunza kwamba ustadi wa mwanamke majini ni bahati ya mteremko, na wamejifunza kutoka kwa wazee wao.

Nasema wazi: safari ile ni kazi ya baharia, na aliyeimaliza anastahili heshima ya baharia. Mzee wetu anadaiwa kumwomba radhi, na kuwaomba radhi vijana waliomsikiliza.

Kwa mnaoishi kando ya mto huu, na joto ndilo limeanza: majedwali ya maji kujaa na kupwa hutolewa bure na NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, kituo kwa kituo, kutoka Battery, kwenye ncha ya kusini ya Manhattan, hadi Albany. Yasomeni pamoja na watoto wenu kabla hamjawaruhusu kutia chombo majini. Sheria ya New York inamtaka kila aliye katika chombo kifupi kuliko futi 21 avae jaketi la kuokolea maisha kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1. Majira ya joto mtu mzima anatakiwa awe nalo chomboni tu. Msiishie kwenye sheria. Livaeni mwaka mzima.