Singida: kisima kipimwe kabla ya mbolea kulaumiwa

Mnunuzi wa vitunguu au alizeti mkoani Singida huuliza bei, mavuno na nauli ya lori. Wachache huuliza habari za kisima. Hata hivyo, katika mkoa huu mkavu kisima ndicho mtaji wa kwanza: kinanywesha mji, mifugo na bustani za kiangazi.

Naitreti ikizidi katika maji hayo, hasara huanza. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, hasa kwa usalama wa watoto wachanga. Kisima kikivuka hapo, muuza maji hana bidhaa. Mara nyingi lawama huangukia mbolea ya dukani, ambayo Serikali iliitolea ruzuku msimu wa 2022/23. Lawama bila kipimo huharibu soko bila kusafisha kisima.

Kipimo kipo. Naitrojeni ina isotopu mbili tulivu: nyepesi, ambayo ni karibu asilimia 99.6, na nzito. Mbolea ya kiwandani hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani, hivyo uwiano wake hukaribia ule wa hewa. Naitreti ya vyoo na samadi huwa na nzito zaidi, kwa sababu amonia nyepesi hutangulia kuruka.

Jirani Dodoma ni mfano. Utafiti wa Hudson Nkotagu, uliochapishwa mwaka 1996, ulitumia isotopu na kuonyesha kuwa maji taka ndiyo chanzo kikuu cha naitreti katika visima vya huko. Muuza mbolea hakuwa mshitakiwa wa kwanza.

Suala hili linagusa pia biashara ya kaboni. Bakteria wa ardhini hugeuza naitreti kuwa naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto mara 273 kuliko kaboni dioksaidi kwa miaka 100. Molekuli yake ina naitrojeni mbili, moja katikati na moja pembeni. Tofauti ya isotopu kati yao husaidia kujua ni bakteria gani walioitoa. Anayeuza hati za kupunguza mbolea, kumbe gesi inatoka vyooni, anauza hewa tupu.

Kipimo hiki si ramli. Bakteria wakila naitreti huiacha ile nzito nyuma, hivyo ya mbolea inaweza kufanana na ya choo. Ndiyo sababu isotopu za oksijeni na kloridi hupimwa pamoja.

Mwenye fedha kidogo aanze na kipimo cha kawaida cha naitreti, masika na kiangazi. Kikivuka kikomo, wenye visima wachangie gharama za isotopu kwa pamoja. Jibu likiwa vyoo, fedha ziende kwenye magari ya kunyonya maji taka na kuhamisha visima. Likiwa mbolea, ziende kwenye vipimo vya udongo. Kuchimba kisima kipya karibu na choo kilekile ni kununua hasara mara ya pili.