Uhuru wa Mchezaji Asiye na Timu

Msomaji wangu, katika maneno yote yapendezayo sikio la kijana, ni machache yalishindayo neno uhuru. Kwa sababu hiyo neno hili lapasa kuchunguzwa kila linapotumiwa, kama mfanyabiashara achunguzavyo sarafu kabla ya kuitia mfukoni. Leo nakuomba tuchunguze pamoja matumizi yake mamoja, yaliyo mbali na kwetu, lakini ambayo mafunzo yake yaweza kutufaa. Huko Marekani, mchezaji wa mpira ambaye mkataba wake umekwisha, au ambaye timu yake imemwacha, huitwa mchezaji huru. Mimi nasema kwamba wengi waitwao hivyo hawana uhuru wowote ila uhuru wa kungoja, na kwamba majaribio wanayoitiwa humfaa mwenye timu kuliko yamfaavyo mjaribiwa.

Mpira nisemao si kandanda tuijuayo. Ni mpira wa Kimarekani, mchezo unaofanana kidogo na raga, ambamo mpira wenye umbo la yai hushikwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu na vikinga mabega kwa sababu ya vishindo vyake. Ligi yake kuu, ijulikanayo kwa kifupi kuwa NFL, ina timu 32. Kabla ya msimu kuanza mwezi wa Septemba, kila timu huweza kukusanya wachezaji 90 kambini. Mwishoni mwa Agosti hesabu hiyo sharti ishuke hata 53. Tangu mwaka 2023 kazi hiyo hukamilishwa kwa siku moja ya mwisho, si kwa hatua kama ilivyokuwa zamani.

Hebu tupige hesabu. Timu moja huondoa watu 37; timu 32 huondoa watu 1,184. Hata ukiwatoa majeruhi waliowekwa kando, bado ni zaidi ya vijana elfu moja waliolala na kazi na kuamka bila kazi. Kila timu huruhusiwa kurudisha wachezaji 16 hivi katika kikosi cha mazoezi, yaani nafasi 512 kwa ligi nzima. Waliosalia hurudi makwao, huendelea kujinoa kwa gharama zao wenyewe, na husikiliza simu.

Simu ikilia, mara nyingi huwa ni wito wa majaribio. Mtu mmoja ameumia goti siku ya Jumapili. Basi Jumanne, siku ambayo kwa kawaida wachezaji wa timu hupumzika, hualikwa watu watatu, wanne au zaidi kuja kushindania nafasi yake. Hukimbia wakipimwa kwa saa, hudaka mipira, hugeuka kushoto na kulia, na makocha huandika katika vitabu vyao. Pengine mmoja hutia sahihi mkataba siku ile ile. Pengine hachaguliwi hata mmoja, kwa kuwa timu haikuwa na nafasi ya kutoa. Ilitaka tu kuweka majina katika orodha yake kwa ajili ya siku ya dharura. Mjaribiwa haambiwi daima kwamba hali ni hiyo. Yeye hukimbia kwa nguvu zake zote, akidhani anakimbilia kazi.

Wapo watakaonijibu mara moja kwa visa vya ushindi. Watamtaja Vince Papale, mwalimu wa shule aliyeingia katika timu ya Philadelphia Eagles mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 30. Watamtaja Kurt Warner, aliyekuwa akipanga bidhaa katika rafu za duka la vyakula katika jimbo la Iowa, kisha akaiongoza timu ya St. Louis Rams kutwaa ubingwa mwezi Januari mwaka 2000. Visa hivi ni vya kweli, na wanaume hawa wastahili heshima. Lakini wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi tuvisikilize visa hivi vyote, si mwisho wake tu.

Papale hakutoka darasani na kuingia uwanjani moja kwa moja. Kabla ya Eagles kumchukua, alikwisha kucheza misimu miwili katika ligi nyingine ya kulipwa. Na Warner je? Mwaka 1994 alijaribiwa kambini na timu ya Green Bay Packers, ikamwacha kabla ya msimu kuanza. Hapo ndipo alipokwenda kufanya kazi dukani. Mwaka 1997 aliitwa kujaribiwa na timu ya Chicago Bears, lakini aliumwa na buibui katika kiwiko cha mkono wake wa kurushia, mkono ukavimba, na nafasi ikapotea. Alicheza katika ligi ndogo ya viwanja vya ndani, kisha akaenda kucheza Amsterdam, ng'ambo ya bahari. Hata alipochukuliwa na Rams alikuwa mchezaji wa akiba. Alipewa uongozi wa mchezo mwaka 1999 kwa sababu aliyetangulia mbele yake aliumia mguu kabla ya msimu.

Sasa niambie, msomaji, je, kisa cha Warner chayasifu majaribio au chayashutumu? Mtu huyu baadaye alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa mchezo wake, na mwaka 2017 jina lake likaingizwa katika jumba la mashujaa wake. Kipaji hicho chote kilikuwamo ndani yake mwaka 1994, na walioangalia hawakukiona. Na kama kiwiko kilichoumwa na mdudu chaweza kufunga mlango wa maisha ya mtu, basi mizani hiyo haifai kuitwa mizani ya haki. Wasemao, "Mtazame Warner," wamemleta mahakamani shahidi anayetutetea sisi.

Tunaye shahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2013 timu ya Indianapolis Colts ilimchukua Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa akicheza raga, ambaye hakuwa amepata kucheza mpira wa Kimarekani hata mara moja. Kabla ya mwaka huo kwisha alikwisha kuingia uwanjani katika mchezo wa ligi. Wengi wetu tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini alicheza michezo michache tu, akaandamwa na majeraha, na kufikia mwisho wa mwaka 2015 hakuwa tena katika timu ile. Nasema haya kwa heshima, maana alifika mahali ambapo wenye kufika ni wachache mno. Nasema ili kijana anayekumbuka siku ya kuchukuliwa aikumbuke pia siku ya kuachwa. Zote mbili zimo katika kazi hiyo moja.

Mpinzani wangu anayo hoja nyingine, nayo ina uzito. Atasema kwamba hakuna anayelazimishwa kwenda kujaribiwa, kwamba timu humlipia nauli, na kwamba malipo ya anayefaulu ni makubwa. Ni kweli kwamba mwaka 2023 mchezaji mpya aliyedumu katika orodha ya watu 53 kwa msimu mzima hakupata chini ya dola 750,000. Ni kweli vile vile kwamba hapo zamani mchezaji hakuweza kuhama timu kwa hiari yake hata mkataba wake ukiisha. Uhuru wa kuhama ulipatikana mwaka 1993, baada ya wachezaji kuzishitaki timu mahakamani kwa miaka mingi. Siudharau ushindi huo. Lakini uhuru wa kuhama humfaa yule anayegombewa na wengi. Asiyegombewa na yeyote ahamie wapi?

Tena tuangalie ni nani anayefungwa na mkataba. Mchezaji akitia sahihi, hawezi kuondoka akapata timu nyingine kabla muda haujaisha. Timu nayo, isipokuwa kwa sehemu ya fedha iliyodhaminiwa, huweza kumwacha wiki yoyote. Iko kanuni inayomlinda kidogo mchezaji mkongwe: akiwa katika orodha siku ya mchezo wa kwanza, kisha akaachwa, aweza kudai mshahara wake wa msimu uliobaki. Je, timu nyingi hufanyaje? Hungoja wiki ya kwanza ipite, ndipo zimwite. Kanuni iliyowekwa iwe ngao yake imegeuzwa kuwa sababu ya kumchelewesha. Watu wenye akili wamekaa wakahesabu siku ili wasidaiwe. Na wewe waniambia pande mbili hizi zina uhuru ulio sawa?

Sidai kwamba timu imchukue kila anayebisha hodi. Mchezo ni mashindano, na nafasi 53 haziwezi kuwatosha watu 90. Nadai mambo matatu tu. La kwanza, anayeitwa kujaribiwa alipwe ujira wa siku, kwani nauli si ujira, na jasho analolitoa ni kazi. La pili, aambiwe ukweli kabla hajafunga safari: iko nafasi, au yatafutwa majina ya orodha? Na baada ya jaribio aambiwe amepungukiwa na nini. La tatu, akivunjika mfupa katika uwanja wa timu, timu imtibu hata apone, na neno hilo liandikwe kabla hajaanza kukimbia. Matajiri wenye timu hizi hawatafilisika kwa kutenda hayo.

Wewe, msomaji, huenda usiikanyage ardhi ya Indianapolis maisha yako yote. Lakini majaribio hayako Marekani peke yake. Kwetu pia vijana huitwa kujaribiwa na klabu za kandanda, za karibu na za mbali, na pengine mwenye kuwaita hudai kwanza alipwe fedha ya safari au ya makaratasi. Wako waliouza ng'ombe wa mzazi kwa ajili ya jaribio la saa moja, na wako walioacha shule wakiwa wamebakiza muhula mmoja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Sikukatazi kucheza, wala sisemi kipaji chako ni bure. Nasema kipaji chako ni mali, na mwenye mali haingii sokoni macho yamefungwa.

Basi ukiitwa, uliza kabla hujafunga mzigo wako. Je, nafasi ipo, na ni watu wangapi walioitwa kuigombea? Nani analipa nauli na chakula? Nikiumia, nani atanitibu? Jibu nitalipewa lini, na litatolewa na nani? Kisha mwulize mwalimu mkuu kama dawati lako litakungoja hata urudi. Anayekuita akikasirika kwa kuulizwa maswali hayo, mshukuru, umwage, urudi darasani. Maana mtu mwenye kazi ya kutoa haoni uzito kuieleza.