Usonji: Protini za ubongo na lawama zisizomstahili mama

Mtaani Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, wazazi wengi huondoka alfajiri kuelekea mashamba ya maua na kurejea jioni. Mtoto asipoitika jina lake wala kumtazama mamaye machoni, ni rahisi miaka ipite bila mtu kutambua. Yanapotambuliwa, lawama humwangukia mama: amelaaniwa, amerogwa, au alikula vibaya akiwa mjamzito.

Sayansi inatoa jibu tofauti. Mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, akiwemo Nahum Sonenberg, walichunguza panya waliokosa kidhibiti kimoja cha utengenezaji wa protini ubongoni. Baadhi ya protini zinazounganisha seli zilizidi kiasi, mawasiliano ya seli yakavurugika, nao panya wakaonyesha tabia zinazofanana na za usonji. Utengenezaji huo ulipopunguzwa, hitilafu zilirekebika.

Protini hizo si suala la maharagwe wala maziwa mezani. Seli hujitengenezea zenyewe kwa kufuata maagizo ya jeni. Kwa hivyo, kumsuta mama kwa mlo wake ni kumwonea.

Hata hivyo, panya si mtoto. Mwaka wa 2014 kampuni ya Novartis iliachana na dawa iliyolenga hitilafu ya kromosomu ya X, ambayo huvuruga utengenezaji wa protini na mara nyingi huandamana na usonji. Majaribio kwa binadamu hayakuonyesha nafuu iliyotarajiwa. Isitoshe, usonji una vyanzo vingi, na kwa muda mrefu tafiti za jeni zimeegemea watu wenye asili ya Ulaya. Ndiposa mradi wa NeuroDev, unaochunguza jeni za watoto wa Kilifi na Cape Town, una uzito mkubwa kwa Afrika.

Matunda ya maabara yatachukua muda kufika Karagita. Lakini kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto tayari kinaeleza hatua za ukuaji: lini mtoto hutabasamu, lini hutamka maneno. Mzazi, mlezi wa mchana na muuguzi wakizifuatilia pamoja, mtoto atapata mafunzo ya kuwasiliana mapema. Lawama humficha mtoto nyumbani, na aliyefichwa hasaidiki, hata dawa ikipatikana kesho.