Kabla ya Kumpeleka Kipa Kambini

Kila likizo ya Juni inapokaribia, hapa Makorora wazazi huanza kuulizana: kijana apelekwe kambi gani ya mpira? Kwa mtoto mshambuliaji swali hilo lina nafuu. Kwa golikipa, naona wengi wanauliza lisilo lenyewe. Wanauliza jina la kambi, jezi zake, mchezaji gani maarufu atakuja kupiga picha. Nani atamfundisha mtoto kudaka? Hilo haliulizwi.

Katika kambi nyingi kocha ni mmoja na vijana ni wengi. Kipa husimamishwa golini tangu asubuhi ili wenzake wapate wa kumpigia mashuti. Mzazi amelipa ada sawa na wengine, lakini mwanawe amegeuka kifaa cha mazoezi ya watoto wa watu. Na ada hiyo, kwa mama muuza samaki, imetoka kwenye kikoba.

Kipa ana shule yake: kusimama, kusogeza miguu, kudaka kifuani, kuanguka bila kuumia. Tangu 1992, sheria ilipomkataza kushika pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake, lazima ajue pia kucheza kwa miguu. Tena goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mtoto wa miaka kumi ukimweka humo siku nzima, anachojifunza ni kulaumiwa.

Wapo wanaosema kambi kubwa ni muhimu ili mtoto aonekane. Aonekane na nani, akiwa na miaka kumi na miwili? Makipa hukomaa wakiwa wamechelewa. Dino Zoff wa Italia alitwaa Kombe la Dunia 1982 akiwa na miaka 40. Msimu wa 2023/24 Coastal Union yetu ilidakiwa na Ley Matampi kutoka Kongo, Yanga ikadakiwa na Diarra wa Mali. Sina neno na wageni hao, wanastahili. Ila kwa maoni yangu tunaagiza makipa kwa sababu moja kubwa: wetu hatuwafundishi, tunawapiga mashuti tu.

Kwa hiyo, mzazi, nenda kwanza ukatazame mazoezi siku moja. Hesabu makipa, uliza kama wana kocha wao. Uliza watoto watalala wapi na usiku watakuwa na nani. Anayekasirishwa na swali hilo usimwachie mtoto. Akija wakala kuahidi timu ya Ulaya kwa kijana wa miaka kumi na minne, akitaka hela ya pasipoti, kumbuka kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa kwa walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache.

Usipopata kambi ya kuridhisha, abaki nyumbani. Mtaani hakosekani mzee aliyewahi kudaka. Maji yakikupwa, waende ufukweni na mpira mmoja: mchanga hauchubui viwiko, na hautozi ada.