Rimu Zinang'aa, Lakini Tairi Je?

Yeyote apitaye katika barabara za Nairobi, Nakuru au Eldoret jioni ya Jumamosi ataziona tu: Subaru Impreza zilizoshushwa chini, mabomba ya moshi yakinguruma, na rimu za inchi 18 ziking'aa kana kwamba zimetoka kwa sonara asubuhi hiyo. Vijana wetu wanayapenda magari haya, nami sioni sababu ya kuwalaumu. Tangu Colin McRae aliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1997 akiendesha Impreza, jina hilo limekuwa na mvuto wa pekee nchini Kenya. Ninalotaka kulijadili leo ni uamuzi mmoja ambao mwenye gari kama hilo huufanya mapema baada ya kulinunua, nao ni kubadili rimu na matairi. Wengi huuona uamuzi huo kuwa jambo la mapambo. Mimi nauona kuwa jambo la uhai, na nasikitika kwamba aghalabu hufanywa kinyumenyume: rimu huchaguliwa kwanza, tena kwa macho, kisha tairi hununuliwa kwa salio la fedha zilizobaki.

Huenda msomaji akauliza kwa nini safu inayosomwa na walimu na wanafunzi ijishughulishe na magurudumu. Sababu ni mbili. Kwanza, wengi wa wanaoyatamani magari haya ni vijana waliotoka vyuoni juzi, na walimu chipukizi ni miongoni mwao. Pili, katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,000 nchini. Sidai kwamba tairi ndilo chanzo cha vifo hivyo vyote. Nasema tu kwamba dereva anapokanyaga breki ghafla, tairi ndilo litakaloamua kama gari litasimama au litateleza.

Hebu tutafakari. Gari zima, pamoja na injini yake, abiria wake na majivuno ya mwenyewe, huigusa ardhi mahali panne pekee, na kila mahali hapazidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Nguvu ya injini, uwezo wa breki na utiifu wa usukani vyote hupitia katika viganja hivyo vinne. Mtu aweza kuongeza nguvu za farasi apendavyo, lakini nguvu ambazo tairi haliwezi kuzifikisha barabarani ni kelele na moshi tu.

Habari muhimu za tairi zimeandikwa ubavuni mwake, na yeyote aliyefaulu hesabu za shule ya msingi anaweza kuzisoma. Tuchukue mfano wa 225/45R17 91W. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili yaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo. Herufi R yahusu namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nambari 91 ina maana kuwa tairi moja laweza kubeba kilo 615, na herufi W kwamba limeundwa kuhimili mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Tairi lenye herufi T kikomo chake ni kilomita 190. Mwenye gari la kasi anayeng'oa tairi la W na kulivika gari lake la T kwa kuwa lilikuwa la bei nafuu amelishusha gari lake hadhi, hata kama rimu zimempandisha yeye machoni pa watu.

Hesabu hizo zina matunda mengine. Impreza iliyotoka kiwandani na matairi ya 205/55R16 ina magurudumu yenye kipenyo cha milimita 632 hivi. Akitia 225/40R18, mwenyewe atapata milimita 637, tofauti isiyofika hata asilimia moja, na hapo hakuna neno. Lakini akishawishiwa na muuzaji kuchukua 225/50R18, kipenyo kitafikia milimita 682, yaani ongezeko la karibu asilimia 8. Maana yake ni kwamba spidomita iliyokuwa sahihi ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari litakuwa linakwenda 108. Fauka ya hayo, tairi laweza kukwaruza bodi kila usukani unapokatwa. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba kipenyo kipya kisiachane na cha awali kwa zaidi ya asilimia 3.

Rimu nayo ina hesabu zake. Impreza WRX za miaka ya 2000 hadi 2007 zina matundu matano ya nati yaliyopangwa katika duara la milimita 100, ilhali STI tangu toleo la 2005 hutumia duara la milimita 114.3. Anayenunua rimu zilizotumika katika Barabara ya Kirinyaga bila kulijua hilo atarudi nyumbani na mapambo ya sebuleni. Kuna pia tundu la katikati, ambalo kwa magari haya ni milimita 56.1, likiwa kubwa zaidi lapaswa kujaziwa pete maalumu, la sivyo huenda usukani ukatetemeka katika mwendo wa kasi. Kisha kuna kile mafundi wanachokiita ofuseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokazwa kwenye habu. Ofuseti ikipungua mno, gurudumu hutokeza nje ya bodi na kuzidisha mzigo wa beringi. Wapo wanaoupenda mtokezo huo na hata kuongeza spesa ili gari lionekane limetanua kifua. Beringi haijui urembo, inajua mzigo.

Isitoshe, rimu za aloi hazifanani kwa ubora. Zilizoundwa kwa kufuata kanuni za Japani huwa na chapa ya JWL, na zilizopimwa na chombo huru cha nchi hiyo huongezewa chapa ya VIA. Chapa yaweza kughushiwa, ndiyo, lakini rimu isiyo na chapa yoyote, wala jina la mwundaji, wala kiasi cha mzigo inachoweza kubeba, yafaa itiliwe shaka tangu mwanzo. Uzito nao ni wa kuangaliwa. Rimu kubwa na nzito huipa injini kazi zaidi ya kuizungusha, huipa breki kazi zaidi ya kuizuia, na huzipa springi na shokomzoba kazi zaidi ya kuifuata barabara. Kwa hiyo yawezekana kabisa mtu atumie fedha nyingi kulifanya gari lake la kasi liwe zito wa miguu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonistaajabisha zaidi. Vijana wengi huniambia kuwa wanaiga magari ya mbio. Safari Rally iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, kule Naivasha, maelfu walijionea wenyewe. Je, walizitazama rimu? Katika mashindano hayo magari ya daraja la juu hutumia rimu za inchi 15 kwenye njia za changarawe, na matairi yenye ubavu mrefu. Rimu za inchi 18 hutumika kwenye mashindano ya lami. Wataalamu wenye fedha na maarifa tele huchagua gurudumu dogo mahali penye mawe na mashimo, kwa sababu ubavu mrefu wa tairi ndio unaomeza kishindo kabla hakijafika kwenye rimu. Nasi tuna barabara ambazo lami yake huisha ghafla, mashimo yake hayana notisi na matuta yake hayana rangi. Ni hekima gani basi ya kuvika gari la matumizi ya kila siku tairi lenye ubavu mwembamba kama ukanda wa suruali? Anayemwiga bingwa amwige hadi mwisho.

Tairi pia huzeeka, hata likikaa bila kutumika. Nambari nne za mwisho baada ya herufi DOT hutaja juma na mwaka wa kuundwa: 3519 ni juma la 35 la mwaka wa 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka 5, na liondolewe likifika miaka 10 hata kama meno yake bado ni marefu. Mnamo Novemba 2013, mwigizaji wa filamu Paul Walker aliangamia huko California ndani ya Porsche Carrera GT iliyokuwa ikiendeshwa na rafikiye. Uchunguzi uliotangazwa mwaka uliofuata ulitaja mwendo wa kupita kiasi, na pia matairi yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 9. Gari lilikuwa miongoni mwa magari ya fahari kuu duniani. Kama gari la thamani ile liliweza kuvaa matairi ya umri ule, sembuse letu lililopitia mikononi mwa watu watatu?

Kwa wenye Subaru kuna onyo moja zaidi. Magari haya huendeshwa kwa magurudumu yote manne, na matairi yote yapaswa kulingana kwa aina, ukubwa na uchakavu. Atakayetia mawili mapya mbele na kuacha vipara nyuma atailazimisha difu ya kati kufanya kazi bila kupumzika, nayo itapata joto na kuharibika. Akiba ya matairi mawili italipiwa kwa bei ya giaboksi.

Najua nitaambiwa kuwa matairi mazuri ni ghali na kwamba kijana ana haki ya kujipamba. Haki hiyo siipingi. Ninachopinga ni mpangilio wa matumizi. Mwenye fedha kidogo na abaki na rimu zilizotoka na gari kiwandani, anunue matairi manne mapya yaliyo bora, ayajaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na ayapime yakiwa baridi. Hapo atakuwa amelinufaisha gari kuliko rimu yoyote ing'aayo. Rimu zaweza kusubiri mshahara mwingine.

Walimu wenzangu wa hisabati na fizikia nao wana nafasi yao. Badala ya kuwachosha wanafunzi kwa duara lisilo na jina ubaoni, na wawatoe hadi kwenye uegesho wa magari ya shule, wakiwa na kalamu na daftari. Wasome ubavu wa tairi, wakokotoe kipenyo na mzingo, watafute juma la kuundwa, kisha waulizane ni gari gani kati ya yale wangekubali kusafiria usiku wa mvua. Naam, huenda mwalimu mwenye gari akaaibika kidogo mbele ya wanafunzi wake. Aibu hiyo ni nafuu kuliko msiba.