Bunduki kuukuu, vipande vilivyopotea na pengo la sheria Migori na Homa Bay

KILA polisi katika kaunti za Migori na Homa Bay wanapotangaza kunasa silaha haramu, taarifa huwa ni ile ile: idadi ya bunduki, idadi ya risasi na idadi ya washukiwa. Ni nadra umma kuelezwa bunduki yenyewe ni ya aina gani, ilitengenezwa mwaka gani na ni vipande vipi ambavyo havimo. Swali hilo la mwisho huonekana dogo, la mafundi tu. Hata hivyo, ndilo linaloweza kuamua iwapo mshukiwa atafungwa au ataachiliwa, na ndilo linaloweza kufichua silaha ilitoka mikononi mwa nani kabla ya kufika mpakani Isebania au katika fuo za Muhuru, Sori na Mbita.

Silaha nyingi zinazozua utata huu si zile za kisasa. Bunduki ya AK-47 ikinaswa ikiwa nzima haihitaji mjadala mrefu mahakamani. Taabu huanza pale inapoletwa bunduki kuukuu ya karne iliyopita, iliyokatwa kitako, iliyobadilishwa mtutu, isiyo na magazini wala komeo, na ambayo nambari yake imesuguliwa kwa tupa. Mshtakiwa husema ni chuma chakavu alichoachiwa na babu yake. Upande wa mashtaka husema ni silaha hatari. Huenda wote wawili wanasema kweli.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ilitungwa mwaka wa 1954, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa vitani na wapiganaji wa Mau Mau na ikihofia kila bunduki iliyoibwa kwa walowezi. Kwa sababu hiyo wavu wake ulitandazwa kwa upana mkubwa. Haiishii kwa bunduki inayoweza kufyatua risasi. Inajumuisha pia silaha inayoweza kubadilishwa ili ifyatue, na hata sehemu yoyote iliyo kiungo cha silaha hiyo. Maana yake ni kwamba mtu akipatikana Oyugis au Rongo na komeo la bunduki mfukoni, bila mtutu wala risasi, mbele ya sheria amepatikana na bunduki.

Shabaha ya kifungu hicho inaeleweka. Mlanguzi stadi hasafirishi bunduki nzima. Mtutu hupita kivyake, komeo kivyake, nao mtambo, yaani kile chuma cha kati ambamo risasi huingia, hufungiwa na kufyatuliwa, hufichwa ndani ya gunia la omena au la mahindi. Vikiungana upande wa pili, bunduki imezaliwa upya. Kama sheria ingengoja ikamilike ndipo itende, ingechelewa.

Lakini sheria hiyo haikutaja ni sehemu zipi. Je, skrubu ni sehemu ya bunduki? Je, kitako cha mti, ambacho seremala yeyote wa Kehancha anaweza kukichonga kwa nusu siku, ni bunduki? Akili ya kawaida inakataa, ila maandishi ya sheria hayakatai. Uingereza, ambako maneno hayo yalitoka, iliishi na utata huo kwa miongo mingi hadi Bunge lake lilipoufuta kwa sheria ya mwaka wa 2017. Humo vilitajwa waziwazi viungo vinavyohesabika: mtutu, chemba au silinda, mwili wa mtambo, na komeo au chombo kingine kinachozuia nguvu ya baruti isirudi nyuma. Mkataba wa ziada wa Umoja wa Mataifa kuhusu silaha, uliopitishwa mwaka wa 2001, nao ulikuwa umekwisha kutoa orodha inayokaribiana na hiyo. Kenya ingali inategemea busara ya hakimu na ripoti ya mtaalamu wa silaha.

Ni kwa mtaalamu huyo ambapo kazi halisi hufanyika. Chukua mfano wa Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza ambayo imesambaa Afrika Mashariki kuliko nyingine yoyote ya kizazi chake, na ambayo wazee wengi wanaijua kwa ukubwa wa risasi yake tu, yaani thiri-o-thiri. Ilibebwa na askari wa King's African Rifles, ikabebwa na polisi, na miaka mingi baada ya uhuru ikawa bado mikononi mwa askari wa akiba katika maeneo ya wafugaji. Bunduki hiyo husomeka kama kitabu kwa anayejua kurasa zake. Kwenye chuma kilichoshika shingo ya kitako, aina ya zamani hupigwa taji la mfalme, jina la kiwanda na mwaka. Nambari yake hurudiwa mahali kadhaa, ukiwemo mtutu, mtambo na mzizi wa mkono wa komeo. Nambari ya komeo isipolingana na ya mtambo, basi hivyo viwili havikuzaliwa pamoja, na mtu fulani, mahali fulani, alivioanisha.

Hapo ndipo kipande kisichokuwepo kinapoanza kusema. Kichwa cha komeo la Lee-Enfield ni kipande cha peke yake, kinachoingizwa kwa kufungwa kama skrubu. Kikikosekana, bunduki haiwezi kufyatua salama hata kama komeo lipo, na mtazamaji asiye na mafunzo hatatambua kwamba kuna kitu kinachokosekana. Kinyume chake pia hutokea. Aina iliyoanza kutumika mwaka wa 1907 ilikuwa na bamba dogo la kuzuia risasi zisipande kutoka kwenye magazini. Katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, viwanda vilianza kuliacha bamba hilo ili kuharakisha kazi. Kwa hiyo mtambo wenye ufa ubavuni bila bamba si lazima uwe umeporwa kitu. Huenda ulipungua kiwandani au jeshini miaka mia moja iliyopita. Mpelelezi anayeandika "imeharibiwa makusudi" bila kujua hilo anampa wakili wa utetezi zawadi.

Mfano wa kuvutia zaidi ni wa bunduki za kijeshi zilizogeuzwa kuwa za kulengea shabaha. Baada ya vita viwili vikuu, maelfu ya bunduki hizo ziliuzwa kwa raia, na wanachama wa vilabu vya shabaha katika nchi za himaya ya Uingereza wakazifanyia marekebisho. Kionea cha jeshi kiling'olewa na mahali pake kikawekwa kionea cha tundu kinachorekebishwa kwa vipimo vidogo sana. Mtutu mwepesi ulibadilishwa kwa mzito. Magazini iliondolewa na nafasi yake ikazibwa kwa kibamba cha kuwekea risasi moja moja, kwa kuwa mlenga shabaha hana haraka. Baadaye nyingine zilibadilishwa zipokee risasi ya milimita 7.62 badala ya thiri-o-thiri, na hapo kichwa cha komeo na ndoano ya kung'olea maganda vikabadilishwa pia.

Bunduki ya namna hiyo ikiangukia mikono ya wahalifu, kionea cha thamani huwa cha kwanza kupotea, kwani mwizi wa ng'ombe au wa mashine za boti hakihitaji. Mashimo ya skrubu hubaki. Matundu mawili au matatu yaliyotobolewa kwa ustadi kwenye ubavu wa kushoto wa mtambo, yasiyo na kitu ndani yake, ni ushahidi kwamba hapo palifungwa kionea cha shabaha, au darubini ya mdunguzi wa jeshi. Mtaalamu akiona pia mhuri wa ukaguzi wa London au Birmingham, ambao bunduki za jeshi la Uingereza hupigwa zinapouzwa kwa raia huko, fumbo hupungua sana. Silaha hiyo haikuokotwa katika uwanja wa vita. Iliwahi kuwa na mwenyewe raia, na kwa kuwa ilikuwa na mwenyewe, yaelekea iliwahi kuwa na cheti na mahali fulani pana daftari lenye jina.

Swali ni je, daftari hilo litafunguliwa? Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini kabla ya kugawanywa. Mnamo Desemba 2018 bodi inayotoa leseni za silaha iliagiza raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya, zoezi lililowalenga wamiliki walio hai na bunduki walizo nazo. Bunduki ambayo mwenyewe alifariki mwaka wa 1970, au aliyerudi Uingereza wakati wa uhuru na kuiacha ghalani, haimo katika hesabu hiyo.

Eneo hili lina sababu zake za kuwa na vyuma vya enzi nyingi. Mnamo Septemba 1914, wiki chache tu baada ya vita kuanza Ulaya, majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka Tanganyika na kupigana na Waingereza mjini Kisii, huku meli za pande mbili zikikabiliana katika ghuba ya Karungu, ambayo leo imo Migori. Askari wengi wa Kijerumani wakati huo walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zilizotoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilileta silaha za kisasa zaidi katika ukanda mzima wa ziwa, na wizi wa mifugo kati ya Kuria, Trans Mara na Tarime ukabadilika sura. Mishale haikutoweka, lakini haikuwa tena silaha ya kutegemewa.

Halafu kuna bunduki za kujitengenezea, ambazo polisi huziita za kienyeji kana kwamba zote ni kitu kimoja. Wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza zao kwa mabomba ya maji, vipande vya makomeo ya milango na mipira ya kuvutia pini. Ufundi huo haujafa. Lakini si kila bunduki ya kienyeji ni bomba na mpira. Nyingine hujengwa juu ya mtambo halisi wa kiwandani uliopoteza mtutu wake, na fundi akaupachikia bomba. Ikiandikwa katika kitabu cha kituo kuwa "bunduki moja ya kienyeji", mtambo huo, pamoja na mhuri wake wa kiwanda, hutoweka katika kumbukumbu. Ni kosa la neno moja, na huzika upelelezi mzima.

Nambari iliyosuguliwa haijapotea kabisa. Muhuri unapopigwa kwa nguvu, chuma kilicho chini ya tarakimu hukandamizwa, na asidi ikipakwa juu yake sehemu hiyo huitikia tofauti na chuma cha pembeni, hata tarakimu zikaonekana kwa muda mfupi wa kuzipiga picha. Maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai, iliyozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta mnamo Juni 2022 katika makao makuu ya DCI, Nairobi, ni mahali pa kufanyia kazi ya aina hiyo. Tatizo ni safari. Kielelezo hutoka Kegonga au Ndhiwa, hupita kituoni, husubiri gari, kisha husubiri foleni, na wakati wote huo mshtakiwa aliyekosa dhamana yumo rumande.

Mashirika ya kimataifa yamekwisha kueleza umuhimu wa kipande kimoja kuliko vingine. Utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kufuatilia silaha, uliopitishwa Desemba 2005, unataka alama ya pekee iwekwe kwenye kiungo ambacho kikiharibiwa bunduki haifai tena milele, kama vile mwili wa mtambo. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 iliyataka mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuweka alama silaha zao, na shirika la RECSA, lenye makao yake Nairobi, limegawa mashine za kazi hiyo kwa nchi wanachama. Alama mpya huenda kwa silaha za serikali. Silaha kuukuu iliyo mikononi mwa raia hutegemea alama alizoziweka mtengenezaji, na hizo ndizo tupa huzilenga kwanza.

Kwa upande mwingine, serikali imekuwa na bidii kubwa ya kuchoma. Mnamo Novemba 2016 bunduki 5,250 ziliteketezwa huko Ngong. Mnamo Juni 2021 nyingine 5,144 zikafuata, Rais Kenyatta mwenyewe akiongoza shughuli hiyo. Ni jambo la kupongezwa, kwani kila silaha iliyoyeyuka haitaua tena. Utafiti wa Small Arms Survey la Geneva, uliotolewa mwaka wa 2018, ulikadiria kuwa raia wa Kenya walikuwa na takriban bunduki 750,000, na mbele ya idadi hiyo elfu kumi ni tone. Moto, hata hivyo, hautofautishi chuma chenye habari na kisicho nayo. Bunduki iliyochomwa bila kupigwa picha mtambo wake, bila kunakiliwa mihuri na bila kuorodheshwa vipande vilivyokosekana, imekufa na siri yake.

Orodha hiyo haihitaji fedha nyingi. Karatasi moja yenye mchoro wa mtambo, ambamo afisa wa kituo anatia alama kipande kilichopo na kisichokuwepo na kunakili kila tarakimu aionayo, pamoja na picha za pande zote mbili, ingemtosha mtaalamu wa Nairobi kujua kabla kielelezo hakijafika kama anangojea chuma chakavu au silaha iliyovunjwa ili ipite mpakani. Ingemfaa pia hakimu wa Migori anayeombwa kuamua juu ya dhamana leo, wakati ripoti ya maabara haijaandikwa. Kwa sasa anacho kielelezo mezani, chuma chenye kutu na mashimo matatu ubavuni, na hakuna aliyemweleza mashimo hayo ni ya nini.