Nani yuko nyuma ya barakoa?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya hadithi zinazokatika kabla hazijaisha, na nikaahidi kwamba safari hii tutachukua moja iliyokatika kwenye televisheni ikaenda kuendelea kwenye vitabu vya katuni. Vijana wengi mliomba ya vita. Mimi nimechukua ya mumiani, na vita vimo humohumo.

Inaitwa Buffy the Vampire Slayer. Ni ya Marekani, mtunzi wake Joss Whedon, na ilionyeshwa kuanzia 1997 mpaka 2003, misimu 7, vipindi 144. Buffy ni msichana wa shule katika mji wa kubuni unaoitwa Sunnydale, na chini ya mji huo kuna mlango wa kuzimu. Yeye ni Mwindaji: kila kizazi anapatikana msichana mmoja mwenye nguvu za kupambana na vampaya, hao wanyonya damu, pamoja na mashetani ya kila namna. Anao watu wake: Willow mchawi, Xander ambaye hana nguvu yoyote ila moyo, na mzee Giles, mwalimu wake, ambaye kwake ni kama baba. Halafu kuna Angel. Huyu ni vampaya aliyerudishiwa roho yake, akapendana na Buffy, wakaachana kwa machozi, naye akapewa mfululizo wake mwenyewe kuanzia 1999 hadi 2004. Mshikeni vizuri huyo Angel.

Kipindi cha mwisho kilionyeshwa Mei 2003. Watu wa Sunnydale walikuwa wameshakimbia, mitaa mitupu, na mwishowe mji mzima ukadidimia ardhini ukabaki shimo. Buffy na wenzake wanasimama pembeni, basi lao liko nyuma, wanaangalia. Dawn, mdogo wake, anauliza sasa tufanye nini, na hadithi inakatika hapo. Wasomaji wa gazeti hili sidhani kama mnahitaji maelezo ya ziada.

Lakini kabla mji haujazama, Willow alikuwa amefanya uchawi mkubwa: kila msichana duniani ambaye angeweza kuwa Mwindaji, awe Mwindaji leo hii. Hapo ndipo katuni zilipoanzia. Machi 2007 kampuni ya Dark Horse ilianza kutoa Msimu wa Nane, kitabu chembamba karibu kila mwezi, mpaka vikafika 40 mnamo Januari 2011. Whedon mwenyewe alikuwa msimamizi, na Georges Jeanty alichora sehemu kubwa. Mwanzoni tu tunaambiwa kwamba Wawindaji sasa ni kama 1,800, na karibu 500 wamejiunga na Buffy katika vikosi 10. Makao yao ni ngome huko Scotland. Dawn naye amekumbwa na laana, amekuwa jitu refu kama ghorofa. Kwenye televisheni mambo hayo yangekula pesa nyingi. Kwenye karatasi ni wino tu.

Na adui? Adui amevaa barakoa.

Anaitwa Twilight, yaani ile saa ya magharibi mwanga unapoisha. (Msichanganye na vitabu vya Stephenie Meyer vyenye jina hilohilo, navyo ni vya vampaya.) Anaruka angani, ana nguvu kumshinda Buffy, na ana wafuasi wa kila aina: majenerali wa jeshi, wachawi, hata mashetani. Anataka Wawindaji na uchawi wote viondoke duniani. Uso hatuuoni. Mwaka 2008 walipokutana ana kwa ana alimpiga Buffy vibaya lakini hakumuua, akamwachia swali tu: hao Wawindaji wako wote, wameifaidia nini dunia? Na kitabu kimoja kabla ya hapo, Buffy alikuwa ameonywa kwamba atasalitiwa, na msaliti ni mtu wa karibu kabisa, tena asiyemtegemea.

Wazee wetu wangesema kikulacho ki nguoni mwako. Basi wasomaji wakaanza kupekua nguo.

Wengi walimshika Riley. Huyu ni askari, mpenzi wa zamani wa Buffy, ambaye waliachana vibaya. Jeshi liko upande wa adui, Riley ni mwanajeshi, hesabu inajijumlisha yenyewe. Tena waandishi wakamwagia petroli kwenye moto: katika kitabu kimoja Riley anaonekana waziwazi akimfanyia kazi Twilight. Si tuliwaambia! Kumbe alikuwa ndumilakuwili wa upande wa Buffy. Waliokuwa wakisoma Sani enzi zile watacheka kwa jina hilo.

Wengine walisema ni Xander, na sababu yao ilinipendeza sana. Mtu asiye na nguvu, aliyekaa miaka yote akiwabebea wenye nguvu silaha, jicho lake moja limetolewa katika vita visivyokuwa vyake, siku moja si anaweza kuchoka? Wakaongeza kwamba labda ni Xander wa miaka ijayo amerudi nyuma kwa uchawi. Hata mzee Giles hakupona, maana alimpa Faith, Mwindaji mwingine, kazi ya siri bila kumwambia Buffy, na wakagombana kwa sababu hiyo.

Msidhani hao walikuwa wakiropoka tu. Walisoma kwa makini kuliko waandishi wenyewe. Kuna kijana mwovu, Warren, ambaye kwenye televisheni aliuawa na Willow mwaka 2002. Katika katuni akaibuka hai, eti mchawi mwenzake Amy alimwokoa palepale. Wasomaji wakasimama: ngoja kwanza, kwenye msimu wa saba kulikuwa na shetani anayeweza kuvaa sura za wafu peke yake, na alivaa sura ya Warren. Sasa Warren amepona vipi? Ikabidi itafutwe njia, kwamba alikufa kidogo tu, sekunde chache, kisha akarudi. Mimi napenda msomaji wa namna hiyo. Anamdai mtunzi kama mama anayedai chenji yake dukani.

Na Angel je? Hapa ndipo ujanja wao ulipowaponza. Wengi walimfuta Angel mapema, na ushahidi haukutoka ndani ya hadithi kabisa. Ulitoka kwenye mikataba. Katuni za Angel zilikuwa zikitolewa na kampuni nyingine, IDW, ambayo ilianza kumwendeleza mwishoni mwa 2007, na huko alikuwa na vita vyake mjini Los Angeles. Mtu hawezi kuwa adui katika kampuni hii na shujaa katika kampuni ile, walisema. Hoja nzuri. Ndiyo maana kujificha kwake kulikuwa rahisi: alisimama mahali ambapo hakuna mtu aliyeangalia.

Siri haikutoka vizuri. Uso ulipangwa kufunuliwa katika kitabu cha 33, Machi 2010, lakini Januari majalada ya mbele yalivuja, na watu wakajua kabla ya kufungua ukurasa. Fikiri umesubiri miaka mitatu, kisha jibu unaambiwa na jirani mlangoni. Twilight alikuwa Angel.

Hasira ilikuwa kubwa, na nadhani wenye hasira walikuwa na haki, ila siyo kwa sababu waliyoitoa. Walisema Angel hawezi. Kwa nini hawezi? Tangu mwanzo hadithi ilituonyesha kwamba mtu huyo ana pande mbili. Katika msimu wa pili alipopoteza roho alimuua Jenny, mpenzi wa Giles. Kuwezekana kwake kulipandwa zamani. Kilichokosekana ni sababu. Angel anajieleza kwamba alivaa barakoa ili awaongoze maadui wa Buffy, awazuie wasifanye mabaya zaidi, na kwa kumsumbua Buffy amsukume awe na nguvu kubwa zaidi. Wasichana wamekufa njiani, wengi, na yeye anasema alikuwa anapunguza vifo. Sawa, watu wa namna hiyo wapo, tumewasikia wakisema maneno hayohayo. Lakini mtunzi alitumia miaka mitatu kutuficha jina, na kurasa chache tu kutueleza moyo. Wale wa Xander walikuwa wamekosea mtu, lakini sababu waliyomtungia ilikuwa na uzito kuliko ile iliyochapishwa.

Kuna kitu kingine humo ambacho nataka wazazi wakione. Katikati ya msimu huu, vampaya mmoja anayeitwa Harmony anapata kipindi chake cha televisheni. Ni mrembo, anachekesha, watu wanampenda. Mara dunia nzima inaanza kuamini kwamba vampaya ni wanyonge wanaoonewa, na Wawindaji ndio hatari. Hakuna aliyechunguza. Wasichana wanaanza kukimbia na kujificha, mpaka Tibet, kwa sababu ya maneno ya watu.

Sisi maneno ya mumiani tunayajua. Enzi za ukoloni, Nairobi na Kampala watu waliwashuku wazimamoto kwamba wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Kule Katanga waliitwa batumbula. Wazee walio hapa wanaweza kuwasimulia. Wala si ya zamani tu. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi, wilaya za Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu ulienea hivi kwamba watu wasiopungua watano waliuawa na makundi yenye hasira, serikali ikakataza kutembea usiku, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake. Hapo hapakuwa na kitabu cha 33 cha kumfunua mtu. Aliyenyooshewa kidole ndiye aliyelipa, na mara nyingi ni mgeni, mtu asiyejulikana kwao. Riley alishukiwa miaka miwili na zaidi na hakupungukiwa na kitu. Kwa hiyo baba, mama, ukimsikia mtoto anabishana na wenzake juu ya nani ni adui ndani ya hadithi, mwache abishane, tena muulize: umejua vipi? Ukurasa gani? Ukimsikia anasema hivyo juu ya mtu wa bloku ya pili, muulize maswali hayohayo, ila kwa sauti nyingine.

Turudi kwa Angel, maana bado hatujafika kwenye kidonda. Katika kitabu cha 39 nguvu iliyokuwa nyuma ya Twilight inamtawala Angel kabisa, naye anamvunja shingo mzee Giles mbele ya Buffy. Hakuna aliyebahatisha hilo kwa sauti kubwa, nadhani kwa sababu hakuna aliyelitaka. Buffy anavunja jiwe ambalo ndilo chanzo cha uchawi wote duniani, na uchawi unakoma. Willow anabaki mikono mitupu. Wawindaji waliopo wanabaki na nguvu zao, lakini wapya hawatazaliwa tena.

Kitabu cha 40 hakina vita vikubwa, na kwangu ndicho kizuri kuliko vyote. Buffy yuko San Francisco. Hana ngome wala vikosi. Analala kwenye kochi nyumbani kwa Dawn na Xander, asubuhi anakwenda kuhudumia watu kahawa. Wawindaji wengine na wachawi wakimwona wanageuza uso au wanamtukana, kwa sababu aliharibu kitu kilichokuwa chao wote.

Na hapo swali la zamani linaamka. Msaliti aliyetabiriwa, wa karibu kabisa, asiyetegemewa, alikuwa nani? Wengi husema Angel na kufunga mjadala. Lakini Angel alikuwa mbali miaka mingi, ukaribu wake ni wa kumbukumbu. Mimi niko upande wa wale wachache wanaosema ni Buffy mwenyewe. Hakuna aliye karibu na mtu kuliko yeye mwenyewe, na hao wasichana wa mwisho wanaomtukana barabarani, kila mmoja angekuambia vilevile. Katuni ziliendelea mpaka Msimu wa 12, mwaka 2018, na sikuona mahali jambo hilo lilipofungwa kwa maneno ya wazi.

Mnaopinga, njooni na sababu, na mtaje kitabu. Mwenye hoja kali ya kumtetea Buffy nitampa nafasi ukurasa huu. Mwezi ujao tutaongea juu ya katuni za kwetu, tukianza na huyo Ndumilakuwili. Mpaka hapo, kaeni salama.